Aliyekufa Asimame

Aline mwanangu,

Uko Rugerero kwa tantine wako, dada yangu, unaaga, na najua atakulazimisha ule mara mbili, kwa hiyo nina muda. Nimekaa katika chumba chetu cha michezo, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mlango nimeufunga ili majirani wasije kuniuliza kama ni kweli unaondoka kesho asubuhi. Mambo ya sweta, ya dawa za tumbo, ya kutomwachia mtu usiyemjua pasipoti yako, tantine atakuwa amekwisha kukuambia yote, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nitayaruka. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea kule Goma kabla hatujarudi huku Gisenyi, na kwa sababu Kinyarwanda chetu cha nyumbani kimebaki cha kuambiana tu kwamba chakula kiko tayari. Tangu lile neno ulilonitolea jikoni hatujazungumza, wewe na mimi. Tumekuwa tukipishana mlangoni kama wapangaji.

Unakwenda Ubelgiji kusomea kutengeneza michezo ya kompyuta. Niliposema hivyo kanisani, mama mmoja akanishika mkono akanipa pole, alidhani nimesema unaumwa. Nilitaka kufurahi. Nimejaribu wiki nzima, nimepika vitu unavyovipenda, nimepiga pasi nguo zako zote hadi soksi, na furaha imekataa kuja. Sasa nitakuambia kinachonikaba, maana kwenye simu sitaweza. Kwenye simu mama yeyote husema yuko mzima tu.

Ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi nilipozinunua zile kompyuta kuukuu kutoka ofisi iliyokuwa inazitupa. Skrini zake zilikuwa na migongo minene na feni zake zililia mchana kutwa. Fundi aliyetufungia nyaya alituwekea mchezo mmoja wa kupigana risasi, wa zamani hata kwa wakati ule. Unaujua kuliko mimi: ghala moja, makasha, milango miwili, ngazi moja. Kuta za rangi ya saruji. Watu wa mle hawakuwa hata na vidole. Wekundu huku, wa bluu kule, na ukipigwa risasi umekwisha, unawangoja wenzako wamalizane. Nilipouona mara ya kwanza niliona haya. Nikajiuliza ni nani atakayetoka kwake kuja kuangalia makasha.

Wakajaa, mwanangu. Walijaa hadi nikahamishia jiko la chai barazani. Walikuja wanafunzi wa hapa Nengo, wakaja wapakiaji wa sokoni, wakaja wavuvi wa sambaza kutoka Nyamyumba wakishaamka usingizi wao wa mchana. Na kutoka Goma alikuja Bahati, yule kijana aliyekuwa akivuka petite barrière, ule mpaka wa waendao kwa miguu, kila siku na mizigo ya wafanyabiashara, akishaitua anakuja kwetu na jasho lake.

Viti vilikuwa vichache kuliko watu, na hapo ndipo ulipotoka ule ugomvi uliotuletea sheria yetu. Vijana wawili walikuwa wameshikana mashati.

«We ulishakufa, toka kwa kiti!»

«Sitoki! Mi nililipa sawa na weye!»

Nikiwa nahangaika na birika mkononi, Vianney wa mitumbwi, yeye na sauti yake ya kwaya, akasema kutoka nyuma kabisa, taratibu, vile vile kama mwongozaji anavyotuinua kanisani wimbo unapoanza: «Haguruka.» Simama. Na yule aliyekufa akasimama. Alisimama bila kufikiri, kama sote tunavyosimama Jumapili, kisha akagundua yuko wapi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu. Aliyekufa anasimama, anampa kiti mtu aliye nyuma yake, halafu yeye anashika mgongo wa kiti hicho anangoja. Aliye hai anabaki amekaa. Mtu alilipa akikaa, akakaa mpaka afe, na mzembe na bingwa walilipa sawa. Hakuna aliyeniuliza saa ngapi.

Vianney hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Mara ya kwanza alikishika kile kipanya cha kusogeza mkononi kama mtu aliyeshikishwa yai.

«Hii souris, mi nafanya nayo nini?»

«Unaisukuma tu, grand frère,» Bahati akamwambia. «Ukiona mwekundu, unafinya. Ni vile tu.»

Akafa, akasimama. Akakaa tena, akafa. Kabla jua halijazama alikuwa amemwua Bahati mwenyewe na kumwinua kitini, na ukelele alioupiga ulinifanya nimwage chai. Ni kitu gani kingine duniani mtu mzima anajifunza mchana na jioni anamshinda bingwa wake?

Nimesimama nyuma ya viti vile miaka mingi, na nilichokiona sikukielewa mpaka nilipokipoteza. Mle ghalani hamkuwa na cha kuangalia, kwa hiyo watu waliangaliana. Wote walikuwa na sura moja ya mbao, lakini kila mtu alijua nani ni nani kwa namna alivyotembea. Bahati lazima apande ngazi, hata akijua mnamngoja juu. Vianney anajibanza nyuma ya kasha la mlango wa kushoto kwa sababu ni mwoga, na anakubali kwamba ni mwoga. Wewe hukukimbia hata siku moja. Ulikuwa unakaa kimya kwenye kona unawangoja waje, na mimi mama yako nilijifunza tabia yako mle, sikuijulia mezani. Waliosimama nyuma walikuwa wanacheza vile vile kama waliokaa, wakipiga kelele: nyuma yako, yewe, nyuma! Na kwa kuwa ukifa unapoteza kiti, mikono ilitetemeka. Nimeona mtu wa kubeba magunia anatetemeka mikono kwa sababu ya makasha ya rangi ya saruji.

Halafu mimi nikataka mwanga.

Unakumbuka gauni lako la komunyo ya kwanza? Nililiagiza kwa fundi bora, lesi juu ya lesi, na lilikuwa gumu hata hukuweza kukaa. Wenzako walikula wakakimbizana uani. Wewe ulisimama sherehe nzima karibu na ukuta, umenyoosha mikono, na watu wakakusifia. Tantine wako akaniambia, «Mutoto amechoka, muvulie hii kitu.» Nilikataa mpaka picha zilipopigwa. Ndivyo nilivyo. Nikiwa na kitu kinachopendwa, nasikia woga kwamba hakionekani kizuri vya kutosha, na naanza kukirembesha mpaka kinashindwa kukaa.

Kule karibu na soko walifungua chumba kingine chenye taa za rangi na skrini pana. Nilikuwa napita pale nikitoka kununua unga, naona mwanga wa bluu barabarani, narudi kwetu naona migongo minene na nyaya zilizofungwa kwa mpira. Akaja pia yule muuzaji wa kompyuta kutoka Kigali na viatu vyake vyeupe. Alinionyesha mchezo mpya kwenye kompyuta yake ya mkononi. Watu wana kope. Nyasi zinatikisika. Kuna ziwa, na maji ya ziwa lile yanameremeta hata unaona mawingu ndani yake. Nikakuita uje uone. Ulitazama kidogo, ukanirudishia macho.

«Maman, watu hawakuji hapa juu ya kuangalia maji. Maji iko pale inje, ni bure.»

Nikakuambia wewe ni mtoto, hujui biashara. Nikaziuza zile za zamani kwa mnunuzi wa vyuma, na ulikwenda kukaa ufukoni mpaka alipomaliza kuzipakia.

Siku ya kufungua walijaa tena, na nilidhani nimekushinda. Lakini walikuwa wamesimama wanatazama. Walitazama kope, wakatazama nyasi, wakasema yampayinka, maji haya! Kisha wakakaa kucheza, na hapo mambo yakaharibika bila mtu kuelewa ni wapi. Vianney hakumwona adui kwa sababu ya majani, akafa, na kabla hajainua mkono kwenye souris alikuwa amefufuka. Akafa tena kwa moshi, akafufuka. Alinigeukia.

«Mama Aline, donc humu mutu hakufi?»

«Anakufa, anarudi. Si ni muzuri?»

«Eh bon. Kama sikufi, nasimama saa ngapi? Na huyu mwenye iko nyuma yangu, anakaa saa ngapi?»

Vianney, kwa adabu yake, akasimama mwenyewe na kumpa kiti kijana wa nyuma. Kijana yule akakaa mpaka jioni. Hakuna kilichomwinua, na mimi nikaanza kulipisha kwa saa, nikabandika saa ukutani. Mkawa mnapigana na watu wa mbali msiowajua, mmeziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia, na mtandao ukizubaa mnakodolea kiduara kinachozunguka. Wenye pesa walijinunulia bunduki bora mle mle na mavazi ya kung'aa. Chumba kikanyamaza kama ofisi. Nilipokuwa napita na birika, hakuna aliyeniambia mama, pita pole pole, nakufa.

Sasa nafika pale ambapo wewe na mimi tulikwama.

Bahati alikuwa amekaa muda bila kuja. Siku ile alivuka mapema, akaingia na lile tabasamu lake, akatafuta ghala lake akakuta maziwa na nyasi. Hakulalamika. Alisimama nyuma ya kiti cha yule mtoto wa mwenye duka la simenti, akashika mgongo wa kiti kama kawaida yetu, akangoja. Nilimpa chai. Alingoja mchana kutwa. Mtoto yule alikufa na kufufuka mara zisizohesabika, na kila akifa, Bahati alikuwa anainua mkono kidogo kutoka kwenye kiti, kama mtu anayejitayarisha kukaa, kisha anaurudisha. Wewe ulikuja kwangu pale kwenye chai.

«Maman, sema haguruka. Huyu amekufa toka asubuhi.»

Nikakujibu kwamba amelipia saa, na kwamba sheria za zamani zimekwisha. Nilisema hivyo kwa sauti, Bahati akanisikia. Akacheka, akaweka kikombe chini taratibu, akasema, «Si kitu, Mama Aline. Niende mbele barrière ifungwe. Nitarudia.»

Ni kweli kwamba alikuwa na binamu hapa hapa Nengo. Ni kweli kwamba kila alipokuwa anashinda, kiti kikamshika mpaka barrière inafungwa, alilala kwa huyo binamu na kuvuka asubuhi akijikuna kichwa. Sote tulilijua hilo. Siku ile hakukuwa na kiti cha kumshika. Na usiku ule ndio milio ya mizinga ilianza upande wa Goma, ikatikisa madirisha yetu, na sisi tukalala chini ya meza tukishikana mikono, wewe ukipiga namba yake. Umeipiga mpaka leo. Nakusikia asubuhi kupitia ukuta, lile jibu la yule mwanamke wa mtambo kwamba mtu huyo hapatikani. Binamu yake alivuka kumtafuta njia zilipofunguliwa, na hakumkuta hai wala maiti.

Jikoni ulinitazama ukasema, «Ungesema haguruka, Maman. Mara moja tu.» Hukupandisha sauti. Afadhali ungepandisha.

Nimejitetea sana kichwani. Nimejiambia kwamba angeweza kukaa, akafa mapema, akasimama, akaenda zake. Kwamba vita haviletwi na mama wa Gisenyi anayeuza chai. Kwamba wapo waliolala huku usiku ule, wakavuka baadaye, wakapotea vile vile. Hakuna linaloshika. Namwona tu akiinua mkono kidogo na kuurudisha. Mimi ni mtu wa kusali, na siku hizi nikisali najisikia kama mtu anayeongea na simu iliyozimwa.

Sina la kukufundisha kuhusu michezo, wewe ndiye unayejua kuandika ile lugha yake. Nakuomba jambo dogo tu. Huko watakuonyesha maji yanayometameta na kope zinazohesabika, na yatakuwa mazuri kweli, usiyadharau kwa hasira zako kwangu. Lakini kabla hujavutiwa, waulize swali la Vianney. Mtu akifa humu, anafanya nini? Na yule aliye nyuma yake, anakaa saa ngapi? Wakikuangalia kama hujui biashara, nyamaza kwenye kona yako uwangoje, kama zamani. Ukitengeneza siku moja chumba cha makasha, kipake rangi ya saruji. Usikiongezee kitu kwa ajili ya kunifurahisha mimi au mtu yeyote anayepita barabarani akitoka kununua unga.

Na usidhani ukirudi utakuta tumerekebisha. Sioni cha kurekebisha. Zile skrini pana nimezifunika vitenge, hakuna anayezitaka, wenye taa za rangi kule sokoni nao wamefunga. Kila mtu sasa anacheza kwenye simu yake ameinamisha shingo. Nimemwona Vianney akingojea boti Nyamyumba, anafyatua risasi kwa kidole gumba peke yake. Aliponiona akaificha simu mfukoni, akaniuliza habari zako. Tukatazama maji.

Leo mchana ulipoondoka, nilifanya jambo la kipuuzi. Kompyuta moja ya zamani ilikuwa imebaki kwa mnunuzi wa vyuma, ile iliyong'oka herufi za kibodi, nilimwomba anirudishie. Nimeiwasha. Imelia sana, kisha ghala likatokea. Makasha yale yale, ngazi ile ile. Nikaingia mle, mimi ambaye miaka yote nilikuwa mtu wa chai. Nikaenda nyuma ya kasha la Vianney. Nikaenda kwenye kona yako. Nikapanda ngazi ya Bahati nikasimama juu kabisa, wazi, ili yeyote anipige. Hakuna mtu. Ukiwa peke yako mle hufi, Aline. Unaweza kukaa siku zote na hakuna wa kukuinua. Bado imewashwa hapa mbele yangu ninapoandika.

Sijui kama utarudi. Sioni sababu nzuri ya wewe kurudi, na sitakutungia. Sikuombi unisamehe kabla ya basi la Kigali, msamaha wa stendi hauna maana. Nakuomba hiki. Asubuhi utanikuta hapa hapa kwenye kiti cha dirishani, maana najijua, miguu itakataa. Usinikumbatie kwanza na usiniambie nijipe moyo. Njoo nyuma yangu, shika mgongo wa kiti, uniambie lile neno kama Vianney alivyolisema, taratibu.

Nitasimama. Nitabeba begi lako mpaka mlangoni.

Mama yako